Tarishi na Namba Iliyoachwa Wazi

Nyinyi mnaoandika programu siku hizi mna bahati ya kukosea haraka. Ukikosea herufi, kioo kinakupigia mstari mwekundu kabla hujainua kidole. Kosa letu sisi tuliliandika Mikindani, tukalibeba kwenye flopi hadi mjini Mtwara, tukalipandisha mtandaoni kwa simu ya waya huku tukiomba umeme usikatike, na likaja kugundulika baada ya miezi mingi, likiletwa na mama mmoja aliyejifunga kanga kiunoni tayari kwa ugomvi. Huyo mama nitamfikia. Kwanza mnifahamu mimi.

Naitwa Mwanaidi. Kompyuta sikuisomea. Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale bandarini, kazi yangu kuandika barua za wakubwa kwa taipu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya bibi harusi, na wakubwa wakawa wanapita karibu yake kwa adabu. Nilipewa mimi kuiwasha kwa hoja moja tu: vidole vyangu vilijua herufi zilipo. Hoja hiyo msiidharau. Mpiga chapa huwaza habari ya msomaji siku nzima. Anajua neno gani mtu ataliruka, neno gani atalisoma vibaya, na maneno gani mawili vidole huyachanganya mtu akichoka. Hayo yamenisaidia kuliko hisabati yote niliyofundishwa baadaye.

Aliyenifundisha hisabati hiyo ni Mwalimu Deo, Mhaya wa Bukoba, aliyehamishiwa Mtwara na serikali akidhani atakaa kidogo kisha arudi kwao kwenye ndizi. Hakurudi. Alikuwa na darasa la jioni la kuandika programu, na wanafunzi wake tulikuwa wachache, wengi wetu tumetoka makazini na miguu inauma. Alikuwa na tabia ya kuandika programu ubaoni na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Alisema programu isiyosomeka kwa sauti haijaandikwa bado, imemwagwa tu.

Siku moja nilimletea amri yangu ya kutuma ujumbe wa simu. Ilitaka namba, ujumbe, kisha kweli au uongo mara tatu: kweli kama ujumbe ni wa haraka, uongo kama hutaki nakala, na kadhalika. Mwalimu akaisoma. "Tuma, namba, ujumbe, kweli, uongo, kweli." Akanitazama juu ya miwani. "Dada Mwanaidi, hii ni programu au ni kesi ya baraza la kata?"

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo sijawahi kuweka kweli na uongo zikafuatana namna hiyo. Anayesoma hawezi kujua ipi ni ya nini. Ukitaka kitu kiwe cha haraka, sema *haraka*. Neno moja zaidi halimuumizi mtu.

Sasa niwaeleze Tarishi ilitokana na nini. Simu za mkononi zilipofika kwetu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kitu, ilionekana kama muujiza kwa watu wa vijiji vya kuelekea mdomo wa Ruvuma. Njia ya kule ni mchanga, gari linazama hadi ekseli, lakini ujumbe wa maandishi haukwami kwenye mchanga. Muuguzi wa zahanati moja mbele ya Msimbati, Sista Tabitha, mwenyeji wa Iringa, akatuomba tumtengenezee kitu cha kuwakumbusha akina mama siku ya kliniki. Tukachukua simu, tukaiunganisha na kompyuta kwa waya, nikaandika programu. Ikafanya kazi. Hazikupita siku nyingi akaja Hamisi, fundi wa kompyuta kutoka Nanyamba, akitaka kitu kama hicho kwa ajili ya wakulima wa korosho. Kisha wakaja watu wa samaki.

Mimi nilikuwa tayari kuandika programu tatu. Mwalimu Deo akakataa. Alisema tuandike mara moja ile sehemu ngumu, ya kuzungumza na simu, tuifanye kiunzi ambacho kila mtu atajengea kazi yake juu yake, halafu tukitoe bure mtandaoni, na chanzo chake wazi kwa kila anayetaka kukisoma na kukirekebisha. Nilimuuliza kwa nini bure. Akanijibu kwamba kila kitu alichotufundishia darasani kilikuwa programu huria ya watu wengine, watu asiowajua hata sura. "Tumekula kwa watu miaka yote hii," alisema. "Siku moja na sisi tupike."

Kiunzi tukakiita Tarishi, kwa heshima ya wale wazee waliokuwa wakipeleka barua kutoka ofisi hadi ofisi. Tulipangisha chumba katika nyumba moja ya mawe pale Mikindani, kuta nene, ndani baridi hata mwezi wa kumi na moja, tukaandika TARISHI kwenye ubao tukautundika mlangoni.

Kazi kubwa haikuwa kuzungumza na simu. Simu ni kitu cha kutii. Kazi kubwa ilikuwa kuchagua amri, yale maneno machache ambayo programu ya mtu mwingine itayatumia kuiomba Tarishi kazi. Ndiyo hayo mnayoita API. Ndani ya Tarishi mnaweza kubomoa na kujenga upya kila wiki, hakuna atakayejua. Lakini zile amri watu watazinakili, watazifundisha, watalala nazo na kuamka nazo, na ukizigusa umegusa kazi za watu usiowajua.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa na zoezi, nami nawapa nyinyi kama alivyonipa. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa Tarishi, alinitaka niandike ubaoni programu ya Hamisi, nikitumia amri ambazo hazipo bado, kama vile zipo. Kisha ya Sista Tabitha. Nilipokwama, au nilipoandika mistari kumi kwa jambo la mstari mmoja, tulijua amri zetu ni mbaya, tukafuta chaki tukaanza tena. Chaki ni rahisi kufuta. Toleo lililokwisha kwenda kwa watu halifutiki.

Na bado tulikosea. Sikilizeni hili, kwa sababu ni la lugha yetu na hamtalikuta katika kitabu cha Kizungu. Tulikubaliana amri ziwe za Kiswahili. Kulikuwa na *tuma* na *pokea*. Kulikuwa na *fuata*, ya kwenda kwenye ujumbe unaofuata. Na kulikuwa na *futa*, ya kuondoa ujumbe. Tuliziona nzuri, fupi, safi. Hamisi naye aliziona nzuri, mpaka siku alipokuwa akiandika haraka akaruka herufi moja. Programu yake ilitakiwa kupitia ujumbe wa wakulima mmoja baada ya mwingine. Badala ya kufuata, ikafuta. Alinipigia simu akaniambia kwa upole kabisa, kama anayetoa taarifa ya msiba wa mbali, kwamba Tarishi imekula barua zote za Nanyamba.

Mimi mpiga chapa nilipaswa kuliona hilo kabla ya mtu yeyote, na Mwalimu hakuacha kunitania. Tukabadilisha *fuata* ikawa *unaofuata*, na *futa* ikawa *futa_kabisa*. Neno la kuharibu liwe refu. Mtu akiliandika apate nafasi ya kufikiri.

Sasa tuje kwa yule mama.

Ilikuwa asubuhi, Mwalimu ametoka kwenda kununua chai na mihogo ya kuchemsha. Nikasikia viatu barazani, na mtu akaingia bila hodi. Mama wa makamo, mnene kiasi, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, fundo la kanga mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sababu adabu ni adabu, kisha akasema anamtafuta Tarishi.

"Ndipo hapa, Mama. Karibu kiti."

"Kiti sikitaki. Nataka nimwone huyo ntu mwenyewe."

Nilimweleza kwamba Tarishi si mtu, ni programu ya kompyuta. Akaniuliza programu imemjuaje mume wake. Akafungua fundo la kanga, akatoa simu ya mumewe, akaanza kunisomea. Alisoma vizuri, bila kubabaika, na kila ujumbe ulikuwa kisu. *Mama Tatu, kesho ni siku ya chanjo. Mlete mtoto. Imeletwa na Tarishi.* Akabonyeza. *Mama Zainabu, kesho ni siku ya chanjo. Mlete mtoto. Imeletwa na Tarishi.* Akabonyeza tena. Mama Issa. Mama Sharifa. Mama mapacha.

"Mume wangu mgongo unamuuma," alisema. "Kuinama kufunga viatu hawezi, namfunga mimi. Hawa watoto wote kawapata lini?"

Nikatazama nje. Mzee mmoja mwembamba alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba ya jirani, kofia mkononi, akingoja hukumu. Huyo ndiye mume, Mzee Mchopa. Baadaye aliniambia alikuwa ameapa kwa kila kiapo anachokijua, na viapo vimemwishia, na kwa siku kadhaa alikuwa akila kwa dada yake.

Nitasema kweli, nilitaka kucheka, na nadhani nilicheka kidogo. Lakini Bi Somoe, ndilo jina la yule mama, alipofika kwa mama mapacha, kicheko kikaniisha. Nilikuwa nimetambua ujumbe ule ni wa nani. Ulikuwa wa zahanati ya Sista Tabitha. Na kama ulifika kwa Mzee Mchopa wa Mikindani, basi haukufika kwa Mama Tatu, wala kwa Mama Zainabu, wala kwa mwingine yeyote.

Nikampigia simu Sista Tabitha palepale, Bi Somoe amesimama juu yangu kama mkaguzi. Nikamuuliza akina mama hao wanakuja kliniki? Akasema hawaji. Akasema kwa uchungu kwamba anawakumbusha kila mara, kompyuta inamwonyesha ujumbe umetumwa, na hawaji. Na mmoja alipokutana naye njiani alimsema mbele za watu kwa uzembe wake. Na kulikuwa na uvumi wa surua ng'ambo ya mto. Nikamuuliza namba ya simu ya Mama Tatu ni ipi.

"Mama Tatu hana simu," akasema Sista Tabitha. "Nafasi ya namba niliiacha wazi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwalimu Deo, kwa ukarimu wake, alikuwa ameweka jambo ndani ya amri ya *tuma*. Ukiacha namba wazi, Tarishi haikulalamika. Ilikisia kwamba unaendelea kuzungumza na mtu yuleyule wa mwisho, ikampelekea yeye. Tuliona ni wema. Mtu asichoshwe kuandika namba ileile mara mbili. Katika orodha ya Sista Tabitha wenye simu walitangulia na wasio na simu wakafuata, na mwenye simu wa mwisho alikuwa binti mmoja aliyeolewa Mikindani, aliyekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, akatoa namba ya baba mkwe wake kwa sababu ndiyo aliyoikumbuka. Baba mkwe huyo ni Mzee Mchopa. Ujumbe wa kila mama asiye na simu katika kijiji kile ulikwenda kwake.

Mwalimu Deo akarudi na mihogo. Nilimweleza yote, na Bi Somoe akaongeza alipoona nimepunguza. Mwalimu hakujitetea. Aliweka mihogo mezani, akatoka nje, akamwita Mzee Mchopa, na pale barazani, majirani wakisikia, akasema kwa sauti ya darasani kwamba mzee huyu hana kosa, kosa ni la mashine na walioitengeneza, nao ni yeye na mimi. Mzee Mchopa akavaa kofia yake. Bi Somoe akamwambia mume wake fundo la kiatu chake limelegea, akainama akalifunga. Ugomvi ukaisha hapo.

Lakini Bi Somoe hakuondoka. Alikuwa na swali, na alimuuliza Mwalimu, siyo mimi. Alitaka kujua kwa nini huyo Tarishi anaweka jina lake chini ya kila ujumbe wa watu. Mwalimu akakohoa. Maneno yale, *Imeletwa na Tarishi*, yalikuwa fahari yake. Aliyaweka ili dunia ijue kiunzi chetu. Bi Somoe akasema tarishi aliyemjua yeye alileta barua, akapewa maji, akaenda zake. Hakuandika jina lake ndani. Toleo lililofuata yale maneno hayakuwemo. Nasi tukajiwekea kanuni: kiunzi kisiseme lolote kwa kinywa cha mtu anayekitumia, isipokuwa ameombwa.

Tulikula mihogo wote wanne. Walipoondoka ndipo mimi na Mwalimu tulipogombana, na ni mara hiyo moja tu tuliyogombana kweli katika miaka yote ile.

Mimi nilitaka *tuma* ikatae, leo hii, ukiacha namba wazi. Mwalimu alisema haiwezekani. Tulikwisha kuwaambia watu wote waliochukua Tarishi kwamba toleo jipya halitavunja programu zao. Hamisi alikuwa ameijenga kazi yake nzima juu ya ukisiaji ule. Mkulima akiuliza kama salfa, dawa ya mikorosho, imefika, programu ya Hamisi inajibu bila namba, na Tarishi inampelekea yule wa mwisho aliyeandika. Na tulikuwa mwezi wa sita, mikorosho imetoa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, umeanza, na mkulima asipopuliza salfa kwa wakati maua yanapukutika na mwaka wake umekwenda. Tukibadilisha *tuma* leo, Nanyamba nzima inanyamaza kesho.

"Tuliwaahidi," alisema. "Mtu akijenga nyumba juu ya neno lako, huwezi kulichomoa."

Nikamwambia tuliwaahidi kwamba programu zao zitaendelea kufanya kazi. Hatukuwaahidi kwamba zitaendelea kukosea. Nikamwambia Hamisi namjua nyumbani kwake, nitamfuata, lakini Mama Tatu simjui, na mtoto wake hana chanjo.

Mwalimu alimimina chai iliyobaki, akainywa. Kisha akaniuliza basi la Nanyamba linaondoka saa ngapi.

Tulikwenda kesho yake wote wawili. Nanyamba iko juu, hewa yake kavu, na msimu ule unasikia mashine za kupulizia zikinguruma mashambani na harufu ya salfa inakuingia puani kabla hujashuka. Hamisi alitupokea kwa furaha, akaagiza soda. Tulipomweleza kilichotuleta, uso ukambadilika. Alisema programu yake inafanya kazi, wakulima wameizoea, na sisi tumekuja kuigusa katikati ya msimu. Alisema kama ndiyo hivyo afadhali abaki na toleo la zamani milele. Sikumlaumu. Nami ningesema hivyo.

Nikamwomba jambo moja tu. Nikatoa simu yangu, Mwalimu akatoa yake, tukaiandikia programu yake kwa wakati mmoja, mimi nikiuliza habari za salfa na Mwalimu akiuliza mkutano wa chama ni lini. Majibu yote mawili yakaingia kwenye simu ya Mwalimu. Yangu haikulia.

Hamisi aliitazama ile simu. Kisha akaanza kucheka taratibu, akajifuta macho. Akasema kuna mzee wa kijiji cha jirani aliyekuja juzi analalamika kwamba aliuliza lini apulize, akajibiwa kuwa mkutano umeahirishwa, akakaa nyumbani. Hamisi alikuwa amemwambia mzee huyo kwamba bila shaka hajui kusoma.

"Na anajua," akasema. "Itabidi nimpelekee kitu."

Tulikaa kwake tukaandika pamoja. Tulitengeneza amri mpya, *mjibu*, ya kumjibu aliyekuandikia. Nayo haikisii, kila ujumbe unaoingia unabeba namba ya mwenyewe na jibu linarudi hukohuko. Mahali alipokuwa na *tuma* tupu tukaweka *mjibu*. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, na programu ikawa fupi kuliko ilivyokuwa. Kumbukeni hilo. Watu wakitumia amri yako vibaya, mara nyingi hawana kosa. Wanakuambia kuna amri waliyoihitaji na wewe hukuwapa.

Ndipo tukatoa toleo jipya. Ukiacha namba wazi, *tuma* ilikataa, na haikukataa kwa kuguna. Ilisema: *Sijatuma. Hakuna namba ya mpokeaji. Kama unamjibu mtu, tumia mjibu. Kama mpokeaji hana simu, mjulishe kwa njia nyingine.* Sentensi zile niliziandika mimi, na ninazipenda kuliko barua zote nilizowahi kupiga chapa. Kosa likitokea, mtu ana maswali matatu: kimetokea nini, kwa nini, na sasa nifanyeje. Mjibu yote matatu, na umjibu kwa adabu, maana huenda siku yake imeharibika tayari.

Vilevile tukaacha kuandika *imetumwa* kana kwamba ni *imefika*. Kutuma ni kwako, kufika ni kwa Mungu na mtandao wa simu. Tarishi ikawa inasema vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Walibaki wale tusiowajua. Ukitoa kitu bure mtandaoni, huna daftari la wageni. Kwa ajili yao Mwalimu akaweka swichi: anayetaka *tuma* ya zamani angeweza kuirudisha kwa mkono wake mwenyewe, ila ilimbidi aandike katika programu yake maneno *nakubali_kukisia*. Jina baya kwa makusudi. Hatukumfungia mtu njia, tulimfanya tu aone haya kidogo kila anapoifungua programu yake. Baada ya muda tulipata barua pepe kutoka kwa mtu wa kanda ya ziwa. Alisema mkubwa wake amepita nyuma ya kiti chake, akayasoma maneno hayo kwenye kioo, akamuuliza anakisia nini kwa mali ya ofisi. Alikuwa ameshahamia *mjibu* siku hiyohiyo, na anatusalimu.

Sista Tabitha nilimpelekea toleo jipya mwenyewe. Gari lilizama mara moja tu njiani, nalo kwa njia ile ni heri. Tukaweka programu, akabonyeza, na kwa kila mama asiye na simu Tarishi ikakataa, na jina lake likabaki kwenye kioo kuonyesha kwamba huyu hajajulishwa. Sista akayasoma majina yale yote. Kisha akavaa viatu, akasema anakwenda mwenyewe, kwa kuwa kuna mmoja aliyemsema mbele za watu ambaye lazima amwombe radhi. Wengine aliwatumia habari kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mwadhini.

Walikuja. Nilikuwa nimelala pale kijijini, na asubuhi benchi la zahanati lilijaa, wengine wakakaa chini kwenye mikeka, watoto wakaanza kulia hata kabla ya sindano kwa kusikia wenzao. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti, na watoto wakawekwa mmoja mmoja, wakirusha miguu. Sista Tabitha alikuwa anatoka jasho na anaimba.

Mimi sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa mwisho wa benchi na mkoba wangu wa flopi. Hakuna aliyejua nimefuata nini, na hakuna aliyeuliza. Walidhani ni mgeni wa Sista. Mama mmoja kijana aliitwa ndani, mkono mmoja ameshika kadi, mwingine amebeba mapacha wawili, na hakujua afanyeje. Akanitazama.

"Mama, nishikie huyu mmoja."

Nikampokea. Alikuwa mzito, ana joto, anasinzia, mdomo wazi. Nikamfunika jua kwa kanga yangu. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, tukisikiliza wenzake wanavyolia ndani, na muda mfupi kabla mama yake hajatoka akanikojolea gauni zima, kuanzia pajani hadi miguuni. Yule mama akaona haya sana. Nikamwambia asijali, tukabadilishana watoto, huyu akaingia kwenye sindano na mimi nikapewa pacha wake.

Nilirudi Mikindani nimelowa, nimekaa nyuma ya gari juu ya gunia la mihogo mikavu, na abiria wenzangu wakijisogeza mbali nami kidogo. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Sikumbuki siku nyingine niliyotoka kazini nimefurahi namna ile.